UZI: Kusafiri kwa lifti kutoka Nairobi hadi Mombasa, Malaba na Moyale. Tuweke mambo yote hapa

Lami_Ndefu (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, kila Desemba nauli zikipanda maswali ya lifti hujaa hapa, na majibu mengi huwa ya kubahatisha. Nimeona tuwe na uzi mmoja wa mambo yanayofanya kazi barabarani. Mwenye kujua sehemu yake aongeze, na akiona kosa asahihishe.

Kinachowapotezea watu siku nzima ni hiki: wanatafuta lifti kwa gari linalokimbia. Lifti ya mbali hutafutwa mahali ambapo gari limeshasimama. Ukimpungia dereva aliye kwenye kilomita 80 kwa saa, ana sekunde chache tu za kuamua kama wewe ni mtu au ni shida. Mkikutana kwenye kituo cha mafuta, mkahawa wa madereva au kibanda cha chai kando ya mzani wa malori, ana dakika kumi. Anaona mzigo wako, anasikia unavyoongea, anaweza kukuuliza unatoka wapi. Nawe unamwona: macho yamechoka au la, anatafuna nini, tairi zake zina uhai au zimebaki nyuzi.

Sasa mahali pa kuanzia. Usianzie katikati ya mji, utapoteza asubuhi yote.

Njia ya Mombasa: tangu Nairobi Expressway ifunguliwe mwaka 2022, magari mengi madogo ya safari ndefu hupandia huko juu na kushukia Mlolongo. Anayesimama Bellevue au Cabanas anabaki na matatu na watu wa Syokimau wanaorudi nyumbani. Lipa matatu hadi Athi River, uvuke njia panda ya Namanga kabisa. Afadhali zaidi, panda ya Machakos ushuke Kyumvi, pale njia panda. Kabla ya Kyumvi nusu ya magari yatakwambia "naenda Machakos". Ukishaivuka, anayekuja yuko njia ya Mombasa au anakata kuelekea Makueni.

Njia ya Malaba, mpakani na Uganda: malori yanayotoka Mombasa kwenda magharibi hayaingii mjini. Yanafuata Southern Bypass na kutokea Gitaru, upande wa Kikuyu. Kwa hiyo Kangemi na Uthiru hayakufai. Ukifika Rironi barabara inagawanyika: ya juu inapitia Soko Mjinga na Kinungi, ya chini inateremka bondeni hadi Mai Mahiu, halafu zinakutana Naivasha. Mtaka gari dogo akae ya juu. Mtaka lori apande matatu Nyamakima ashuke Mai Mahiu, maana pale madereva hula, hupima upepo wa tairi na kupumzika.

Njia ya Moyale, mpakani na Ethiopia: fika Makutano ya Mwea kwanza. Hapo ndipo barabara ya Embu na Meru inapoachana na ile ya Karatina, Nyeri na Nanyuki. Zote mbili zinakufikisha Isiolo, na Isiolo ndiyo mlango wa kaskazini.

Taniboi_wa_Zamani

Mkuu umeanza vizuri. Niongezee upande wa malori, kwa sababu wengi hawajui kwa nini wanakataliwa.

Dereva wa kampuni kubwa akikwambia hapana, mara nyingi si roho mbaya. Ndani ya lori kuna traka, na siku hizi kampuni nyingi zimeweka kamera inayotazama viti. Akionekana na mtu asiye kwenye orodha, kazi imeisha. Akisimama mahali pasipopangwa, simu kutoka ofisini inapigwa kabla hajazima injini. Kontena za transiti zinazokwenda Uganda, Rwanda au Kongo zina kufuli la elektroniki la KRA, mamlaka ya ushuru, linalofuatiliwa njia nzima. Lori likitoka nje ya njia yake, kengele inalia. Kwa hiyo usimwombe mwenye transiti akuingize mjini "kidogo tu" au akushushe barabara ya ndani. Hawezi.

Matanki ya mafuta yaache kabisa. Ni marufuku kubeba mtu, na ajali yake haina manusura wengi.

Wanaobeba ni hawa: wenye lori moja au mawili ambao dereva ndiye mwenye gari au ndugu ya mwenye gari, Fuso na Canter za mazao zikirudi tupu, malori ya saruji na ya ujenzi, na lori ambalo halina taniboi (msaidizi wa dereva) safari hiyo, kwa kuwa kiti chake ni kitupu. Angalia mlango: ukiona uzito na jina la mtu binafsi vimepakwa kwa brashi badala ya nembo ya kampuni, jaribu hapo kwanza.

Na mahali pa kusimama, ikibidi usimame barabarani: usikae kwenye mlima. Lori la ekseli saba linaruhusiwa hadi tani 56. Dereva aliyeanza kupanda na uzito huo hasimami hata akiwa mjomba wako, kwa sababu kuling'oa tena lori kwenye mlima kunaunguza klachi. Kaa kilele kinapoisha, au baada ya matuta ya mji mdogo, mahali penye ukingo mpana wa barabara wa kuegesha trela zima. Umbali wa hatua mia moja baada ya tuta unatosha, gari bado halijachukua kasi.

Kijana_wa_Umoja

Swali: mkono unapungwaje? Mtandaoni naona watu wameinua dole gumba.

Lami_Ndefu

Dole gumba huku litakuletea salamu tu, dereva atadhani unamwambia mambo ni shwari. Nyoosha mkono kuelekea barabarani, kiganja kikitazama chini, upunge polepole kama unayeomba gari lipunguze mwendo. Simama wima, uso uonekane, kofia na miwani ya jua viondoke. Kibao cha katoni kinasaidia kwa magari madogo, na kiandikwe mji wa karibu, herufi kubwa: EMALI, si MOMBASA. Mwenye gari dogo anaogopa kukaa na mgeni saa saba, ila saa moja na nusu anavumilia. Mkipatana njiani atakwambia mwenyewe anafika Voi.

Hesabu_za_Safari

Tuje kwenye pesa, ndipo ugomvi mwingi unapoanzia.

Kenya, gari likikusimamia, madereva wengi wanachukulia utatoa kitu. Kama huna, sema kabla mguu haujagusa ngazi: "Bosi, naomba lifti ya bure, sina nauli." Wapo watakaokubali, na atakayekataa hajakutukana. Kama una kidogo, taja kiasi na mahali mnapoishia kwa sentensi moja: "Nina mia nne, nafika Mtito Andei." Kwa lori, zaidi ya nusu ya nauli ya basi ni kuonewa, kwa sababu lori litachukua muda mrefu kuliko basi.

Lipa ukishuka, wala usilipe nusu mwanzoni. Ukilipa kwa M-Pesa, weka kiasi hicho tu kwenye laini, na andika PIN ukiwa umeshatia mguu chini. Simu yako usimpe mtu "akusaidie kutuma".

Jambo ambalo watu hawalipi uzito: bima. Gari la binafsi au la mizigo lililochukua abiria kwa malipo limetoka nje ya bima yake. Mkipata ajali, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa, na dereva anaweza kushtakiwa kwa kubeba abiria bila leseni ya PSV, yaani ya gari la abiria. Ndiyo maana mbele ya trafiki dereva atakuomba useme wewe ni jamaa yake. Mimi nashauri usiseme uongo. Mchangie mafuta kwa hiari au mnunulie chakula, halafu ukiulizwa useme kweli kwamba umepewa lifti.

Dada_wa_Njia_Panda

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Hatari kubwa ya lifti karibu na Nairobi ni gari dogo lenye "abiria" tayari. Linasimama jioni stejini, ndani kuna dereva na wanaume wawili, bei ni ya chini kuliko matatu. Ukishakaa katikati, safari inageuka, wanataka simu, PIN na kadi ya benki. Kanuni ni rahisi: gari dogo lenye mwanamume zaidi ya mmoja usilipande, hata kama mmoja wao ana Biblia mkononi. Familia yenye watoto, sawa. Mtu mmoja peke yake, mpime.

Kumpima ni hivi. Muulize yeye kwanza anakwenda wapi, kabla hujataja unakokwenda. Mwenye safari ya kweli anajibu mara moja: "Kibwezi." Anayeuliza "wewe unaenda wapi?" halafu anasema "hata mimi ni huko huko", mwache apite. Mlango ukiwa wazi, tazama ubavu wa mlango wa nyuma, chini ya kitasa cha kufungia. Kuna kifunguo kidogo cha kufuli la watoto. Kikiwa kimefungwa, mlango huo hautafunguka kutoka ndani. Kaa mbele, na begi likae mapajani. Ukiliweka kwenye buti, gari likiondoka ulipochuchumaa kichakani limeondoka nalo.

Piga picha namba ya gari ukiwa bado nje, uitume kwa mtu wa nyumbani, na umwambie dereva waziwazi: "Nimemtumia dada yangu namba yako, anajua niko njiani." Mwema hachukii. Kwa lori piga picha mbili, kwa sababu kichwa kina namba yake na trela ina yake inayoanza na Z. Trela hubadilishwa njiani, kichwa ndicho kinachomfuata dereva.

Usile wala kunywa kitu kilichofunguliwa. Mambo ya kuwekewa mchele, yaani dawa ya kulevya kwenye kinywaji, hayaishii baa za mjini. Beba maji yako, lita mbili.

Kwa akina dada: usikubali kulala kwenye kitanda cha nyuma cha lori kwa maelezo yoyote, na usiwe barabarani baada ya jua kutua. Huku jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, basi saa kumi jioni uwe umeshachagua utalala wapi. Mazungumzo yakianza kuharibika, usibishane. Sema unataka kutapika na ushuke kwenye kituo cha mafuta kinachofuata. Hakuna dereva anayetaka matapishi kwenye gari lake. Namba za kushika kichwani: 999 na 112 za polisi, 1195 ya ukatili wa kijinsia, haina malipo.

Fundi_Breki

Naongeza la usalama wa chombo, hasa kwa njia ya magharibi, kwenda na kurudi.

Ukiwa ndani ya lori, dashibodi ina mshale wa upepo wa breki. Kawaida unakaa kati ya 8 na 10. Ukishuka hadi karibu 5, taa nyekundu inawaka na kengele inalia. Hapo dereva anapaswa kusimama na kungoja upepo ujae. Anayeendelea kuteremka huku kengele ikilia anacheza na maisha yenu wote.

Mteremko wa kuingia Mai Mahiu na ule wa Sachangwan kwenda Salgaa ndiyo mitihani. Dereva anayejua kazi anashusha gia kabla ya mteremko, anatumia breki ya injini, na anagusa breki kwa vipindi. Asiyejua, au anayetaka kubakiza dizeli ya kuuza, anaweka gia huru na kuliachilia. Utasikia injini imenyamaza huku kasi ikiongezeka. Breki zinashika moto, zinateleza, basi. Salgaa imeua watu wengi kwa sababu hiyo hiyo, ndiyo maana barabara pale iliwekewa ukuta wa kugawa pande mbili. Ukinusa harufu ya breki kuungua, kali kama plastiki iliyochomwa, omba kushuka mahali pa kwanza tambarare. Usione haya.

Na funga mkanda. Kiti cha taniboi kwenye malori mengi kina mkanda uliosukumwa nyuma ya godoro, uvute.

Mgeni_Kasarani

Asanteni. Mombasa inachukua muda gani kwa lori, na mtu akikwama alale wapi?

Taniboi_wa_Zamani

Ni karibu kilomita 480. Lori lililopakia halizidi wastani wa 40 au 45 kwa saa ukihesabu milima ya Salama, mizani na chakula. Weka saa kumi na mbili, na usimwambie mtu wa Mombasa muda kamili wa kufika. Gari dogo ni saa saba au nane.

Igawanye safari hivi kichwani: Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Maungu, Mariakani. Yote hayo yana mafuta, chakula na taa. Mtito Andei ni karibu nusu ya njia na mabasi husimama hapo, kwa hiyo lifti ikikatika una njia ya kutokea. Ukifika Mtito baada ya saa tisa na dereva anasema anaishia "hapo mbele tu", baki. Kutoka Mtito hadi karibu na Voi unapita katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Ni pori pande zote, ndovu huvuka, na hakuna mahali pa mtu kusimama kwa miguu. Lifti ya kuishia Manyani usiikubali hata ikiwa bure.

Kulala: Makindu, kando ya barabara, kuna hekalu la Masikh lililojengwa 1926. Wasafiri wa dini yoyote wanapewa chakula bure, na vyumba vikiwepo wanalala. Funika kichwa, vua viatu, usiingie na sigara wala pombe. Chakula hakina nyama. Ukiwa na sadaka unaacha, huna hawakudai. Kula ulichopakua chote, na sahani irudishe panapooshewa.

Lami_Ndefu

Na adabu ndani ya kabini, kwa sababu lifti ya pili hutoka kwa dereva wa kwanza. Uliza kama viatu vinavuliwa, madereva wengi zulia lao ni sebule yao. Usiguse redio. Usivute. Usilale. Umepewa kiti ili dereva awe na mtu wa kuzungumza naye, na saa nane mchana, baada ya ugali, mazungumzo yako ndiyo yanayomweka macho. Muulize kuhusu barabara, bei ya tairi, foleni ya Malaba. Siasa na makabila acha. Ukishuka salama mwombe akuunganishe na mwenzake anayeendelea mbele. Simu moja ya dereva kwa dereva inashinda saa tatu za kupunga mkono.

Hesabu_za_Safari

Kwa wa Malaba: foleni ya malori kabla ya mpaka huweza kuwa ya kilomita kadhaa. Shuka mkia wa foleni, aga, chukua boda. Mpaka wowote usiuvuke ndani ya lori la mtu. Dereva ana karatasi za mzigo na za watu wake, wewe humo. Vuka kwa miguu, gonga mhuri wako, tafuta lifti mpya ng'ambo. Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Tanzania, kupitia Namanga, inataka pasipoti au hati ya muda ya kusafiria.

Timboroa ni karibu mita 2,800 juu ya bahari. Anayetoka Nairobi na fulana moja atatetemeka, na mvua ya alasiri huko ni ya kawaida. Jaketi nzito na mfuko wa plastiki wa kufunika begi.

Mwana_wa_Marsabit

Kaskazini ni mambo mengine, msikilize vizuri.

Isiolo hadi Moyale ni karibu kilomita 500, lami yote. Magari ni machache kuliko barabara ya Mombasa, lakini anayepita huwa anakwenda mbali. Lifti nzuri huanzia Nairobi penyewe: malori ya mifugo yakishusha mbuzi Kiamaiko hurudi kaskazini na bidhaa za duka. Nenda mapema, uliza wapakiaji lori lipi ni la Marsabit na linaondoka saa ngapi. Huwa yanasubiri mzigo ukamilike, kwa hiyo "saa sita" inaweza kuwa saa kumi na moja jioni. Kubali ya kabini tu. Juu kwenye vyuma watu hukaa kwa mazoea, lakini ni kosa kisheria, na lori likipiga shimo hakuna cha kukushika.

Usiku utoke barabarani. Lala Isiolo, uondoke saa kumi na mbili asubuhi. Archer's Post, Laisamis, Marsabit: hapo pana watu na chakula. Kutoka Marsabit kwenda Turbi ni jangwa la mawe la Dida Galgalu, kivuli hakuna, usikubali kushushwa katikati. Maji lita nne kwa mtu. Vizuizi vya polisi ni vingi na kitambulisho kinakaguliwa, kiwe halisi, si picha kwenye simu. Kabla ya kuondoka Isiolo uliza madereva wawili tofauti, na polisi wa kizuizini, kama njia ni tulivu. Wakisema ngoja, ngoja.

Marsabit mjini kuna baridi na ukungu, ilhali Laisamis uliacha jasho. Nguo za hali zote mbili. Ukivuka Moyale kuingia Ethiopia unahitaji pasipoti, na magari huko yanaendeshwa upande wa kulia, kwa hiyo hata upande wa kusimama kuomba lifti unabadilika.

Mgeni_Kasarani

Na pikapu za miraa? Naona zinakwenda kasi na zinafika mapema.

Mwana_wa_Marsabit

Hizo ni za majani, si za watu. Miraa inashindana na saa kwa sababu ikikauka bei inaanguka, na dereva analipwa kwa kuwahi. Nyuma imefungwa kwa turubai, mbele wako wawili. Hata ukipewa kiti, kataa.

Dada_wa_Njia_Panda

Mgeni, kabla hujaondoka Kasarani: pauabenki (betri ya kuchajia simu) iliyojaa, kitambulisho, nauli kamili ya basi ya kurudi iliyofichwa mbali na pochi, tochi, na kizibao cha kung'aa kama cha bodaboda. Utuandikie hapa uko njia ipi na siku gani, aliye karibu na njia hiyo akwambie hali ya barabara asubuhi hiyo.